Mzigo wa Kumbukumbu za Tafsiri kwenye Kompyuta Ndogo

Malalamiko ni yale yale popote wafasiri wanapokutana: programu ya kusaidia tafsiri inakula RAM, kompyuta inaganda, na kazi inatakiwa kesho asubuhi. Jibu nalo ni lile lile: nunua RAM nyingine, au nunua kompyuta mpya. Kwa mfasiri anayelipwa kwa neno na kusubiri malipo miezi miwili, jibu hilo ni sawa na kuambiwa aache kazi. Nia yangu hapa ni kuonyesha kwamba mara nyingi RAM haijai kwa sababu kazi ni kubwa. Inajaa kwa sababu tumeipakia tafsiri za zamani ambazo hazitatusaidia kamwe, na kwa sababu baadhi ya programu hazina njia nyingine ya kuzitunza.

Suala hili linatuhusu zaidi sasa kuliko miaka kumi iliyopita. Kiswahili kiliidhinishwa kuwa lugha rasmi ya nne ya SADC mwaka 2019, na mwaka 2022 kikawa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika. Nyaraka za taasisi za namna hii ni ndefu, zina vifungu vinavyojirudia, na zinataka istilahi moja ibaki ile ile kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ni kwa ajili ya kazi za aina hiyo hasa programu hizi zilibuniwa.

Kielelezo changu kikuu kitakuwa OmegaT. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, inakwenda kwenye Windows, macOS na Linux, na inapotumia RAM haifichi inafanya nini. Keith Godfrey aliianzisha mwaka 2000, na kwa muda mrefu sasa imeandikwa kwa Java. Ukifungua mradi, OmegaT inasoma faili zote zilizomo kwenye folda ya source, kisha inasoma project_save.tmx, yaani tafsiri zako za mradi huo, kisha inapitia kila faili ya TMX (muundo wa kuhifadhi kumbukumbu za tafsiri) iliyoko kwenye folda ya tm, na mwisho orodha zako za istilahi. Vyote hivyo vinaingia kwenye RAM na kukaa humo mpaka ufunge mradi. Unapohamia sentensi mpya, programu inailinganisha na zote zilizohifadhiwa na kukuletea zinazofanana nayo. Kipimo cha mfanano kinatokana na hesabu aliyoichapisha Vladimir Levenshtein mwaka 1965, ila hapa hesabu inafanywa kwa maneno badala ya herufi.

Trados Studio inafuata njia tofauti. Kumbukumbu yake ya tafsiri ni hifadhidata ya SQLite iliyoko diskini, na programu huiuliza kila inapohitaji. Njia hiyo ina historia yake. Trados ilipotoa Translator's Workbench mwanzoni mwa miaka ya 1990, kompyuta za mezani zilikuwa na megabaiti chache tu za RAM, na hakuna aliyefikiria kuiweka kumbukumbu yote ndani yake. Uhaba ulilazimisha ubunifu, na ubunifu huo ukabaki hata uhaba ulipopungua. Hata hivyo Studio nayo inalalamikiwa kwa uzito, kwa sababu nyingine: faili yake ya kazi hubeba ndani yake hati ya asili, dirisha la kuhariri hupakia vipande vyote pamoja na alama zao za mwonekano, na ukaguzi wa makosa huendelea kila unapothibitisha sentensi. Anayeunganisha faili 30 kuwa moja ili afanye kazi kwa urahisi anaupakia mzigo wa faili 30 kwa mpigo. Kuzitenganisha, na kuzima dirisha la onyesho na nyongeza zisizotumika, ndiko kunakompa nafuu ya haraka zaidi.

Turudi kwa OmegaT, tuangalie sentensi moja kwa karibu: Ng'ombe hawaruhusiwi kuingia hifadhini. Ukihesabu herufi, nafasi na alama, ni 39. Hadi Java 8, kila herufi ilichukua baiti mbili, kwa hiyo sentensi hii ilihitaji baiti 78. Java 9, iliyotoka mwaka 2017, ilibadili utaratibu: maneno yaliyoandikwa kwa herufi za kawaida za Kilatini yanahifadhiwa kwa baiti moja kwa kila herufi. Kiswahili kilinufaika bila kuomba. Lakini kuna jambo dogo ambalo wengi hawalioni. Alama ya juu kwenye ng' ikiwa ni ile iliyonyooka ya kibodi, sentensi inabaki na baiti 39. Ikiwa ni ile iliyopinda, ambayo Microsoft Word huiweka yenyewe unapoandika, sentensi nzima inarudi kwenye baiti 78, kwa sababu alama hiyo haimo kwenye jedwali la herufi ambalo Java hutumia kwa uhifadhi mfupi. Ukiongeza gharama za Java yenyewe za kuitunza kila sentensi kama kitu kinachojitegemea, sentensi ya kwanza inafikia baiti 80 na ya pili 120.

Je, tukimbilie kubadili alama zote? Hapana. Kwa sentensi laki tatu, hata kama kila moja ingekuwa na ng' iliyopinda, tofauti ni megabaiti 12 hivi. Sababu nzuri zaidi ya kutumia alama ya aina moja ni ulinganishaji, hasa kwa anayetafsiri kutoka Kiswahili: sentensi mbili zinazotofautiana kwa alama tu zinaweza kukosa kutambuliwa kuwa ni moja. Nimeileta hesabu hii ili ionekane kwamba ujanja wa herufi hauokoi kitu cha maana. Kinachopandisha gharama ni idadi ya jozi, yaani sentensi ya asili pamoja na tafsiri yake.

Chukua jozi ya kawaida ya nyaraka za taasisi, yenye herufi 150 kila upande. Maneno pekee yanakula baiti 384. Ongeza jina la aliyetafsiri, tarehe ya kuandika na ya kubadili, maelezo ya mradi, na nafasi ya jozi hiyo kwenye jedwali la kutafutia, na kwa makadirio yangu unakaribia nusu kilobaiti au zaidi. Jozi laki tatu ni megabaiti 150. Jozi milioni moja ni megabaiti 500, kabla programu haijaanza kulinganisha chochote wala kufungua hati yako. OmegaT ikiwa na ruhusa ya megabaiti 1,024, nusu imekwisha kwa kusoma tu.

Sasa swali la msingi: hizo jozi milioni moja zimetoka wapi? Ni nadra mfasiri mmoja kuandika sentensi milioni moja maishani mwake kwa jozi moja ya lugha. Zinatoka kwenye mazoea matatu, na yote yanarekebishika.

La kwanza ni kupakua kila kitu. Mkusanyiko wa OPUS, uliojengwa na Jörg Tiedemann, unatoa bure matini za lugha nyingi zilizokwisha kupangwa sentensi kwa sentensi, Kiswahili kikiwemo, na faili zake zinapatikana kwa muundo wa TMX. Ni hazina kwa watafiti na kwa wanaofunza mashine. Kwa mfasiri anayetafsiri mkataba wa ajira, sehemu kubwa ya humo haimfai. Kuna tafsiri za menyu za programu, kuna maandiko ya dini, na kuna sentensi zilizokusanywa kwa mashine kutoka tovuti za kila aina. Watafiti waliokagua makusanyo ya namna hiyo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2022 walikuta kwamba katika baadhi ya lugha zenye matini chache mtandaoni, sehemu kubwa ya jozi hazikuwa tafsiri sahihi kabisa. Mfasiri anayeweka faili kama hiyo kwenye folda ya tm anapoteza RAM, anapoteza kasi, na kisha anapoteza muda kusoma mapendekezo mabovu. Hasara ya tatu ndiyo kubwa zaidi, kwa kuwa inagusa ubora wa kazi yenyewe.

La pili linahusu faili tatu ambazo OmegaT inazitoa kila unapotengeneza hati zilizotafsiriwa. Majina yake yanaishia kwa omegat, level1 na level2, na kila moja ina tafsiri zile zile. Tofauti iko kwenye namna alama za mwonekano zinavyohifadhiwa, ili kumbukumbu iweze kusomwa na programu nyingine. Mfasiri mwenye haraka anazinakili zote tatu kwenye folda ya tm ya mradi unaofuata, na mzigo unazidi mara tatu bila sentensi moja mpya. Akifanya hivyo kwa miradi kumi, kisha akainakili folda nzima kwenye wa kumi na moja, hesabu haina tena uhusiano na kazi aliyoifanya. Anayebaki ndani ya OmegaT anahitaji ile ya omegat tu.

La tatu ni mradi usiofungwa. Wapo wanaotumia mradi mmoja kwa mteja mmoja miaka nenda miaka rudi, wakitoa hati zilizokwisha na kuingiza mpya. Tatizo ni kwamba project_save.tmx haisahau. Inabaki na tafsiri za hati zilizoondolewa tangu siku ya kwanza, inasomwa nzima kila unapofungua, na inaandikwa upya nzima kila programu inapojihifadhi. Kwenye diski ya zamani inayozunguka, kule kukwama kwa sekunde kadhaa unakokusikia katikati ya sentensi mara nyingi ni kuandikwa huko. Faili zile tatu za kutolewa, tofauti na project_save, zina vipande vya hati zilizomo sasa tu. Kwa hiyo njia safi ni kuanza mradi mpya kwa kila kazi kubwa, na kuuletea kumbukumbu iliyochujwa ya ile iliyopita.

Kuchuja si kazi ngumu kama inavyosikika. Olifant, iliyotoka kwa watu wa Okapi, mradi wa zana huria za tafsiri, na TMXEditor ya Maxprograms, zote zinaweza kufungua faili ya TMX, kuondoa jozi zinazojirudia na kufuta zile ambazo upande mmoja ni mtupu au pande zote mbili ni sawa. Ukishaondoa hizo, ondoa jozi ambazo ni namba na tarehe tu. Kisha gawa kwa uwanja: sheria peke yake, afya peke yake, kilimo peke yake. Muundo wa TMX, ambao toleo lake la 1.4b ni la mwaka 2005, ni maandishi ya kawaida na unakubali kukatwa na kuunganishwa bila kuharibika, mradi utumie chombo kinachouelewa. Baada ya hapo, mkataba wa ajira unafunguliwa na kumbukumbu ya sheria tu, nayo inatosha.

Kuna njia mbili zinazoaminiwa na watu na ambazo hazisaidii. Kuibana faili iwe tmx.gz kunaokoa diski tu, kwa maana OmegaT lazima iifungue yote ili iisome. Na kuiweka faili kwenye folda ndogo ya penalty kunashusha asilimia za mapendekezo yake, lakini jozi zake zimeshaingia kwenye RAM kama nyingine zote.

Hati zenyewe nazo zinahitaji kuangaliwa. Kitabu cha kurasa 900 kikiwekwa sura zote pamoja, zote zinasomwa kila mara. Kigawanye. Hati iliyotokana na picha za skana na kugeuzwa maandishi ni mbaya zaidi: neno moja linaweza kukatwa vipande vitatu vya fonti tofauti, na kila kipande kinakuja na alama zake. Kuisafisha ndani ya Word kabla ya kuiingiza kunapunguza uzito, na kunamwokoa mfasiri asirundike alama zisizo na maana katikati ya sentensi zake.

Baada ya usafi huo ndipo naona ni halali kugusa mipangilio ya Java. Programu ya Java haijichukulii RAM yote, bali inapewa kikomo. Usipokiandika, Java hujiwekea robo ya RAM ya kompyuta, ambayo kwenye mashine ya gigabaiti 4 ni gigabaiti 1. Kwenye Windows, kikomo cha OmegaT kimo kwenye faili iitwayo OmegaT.l4J.ini, kwenye mstari unaoanza na -Xmx. Ukiandika -Xmx1500M umeruhusu megabaiti 1,500. Kama programu inakataa kabisa kufunguka baada ya hapo, angalia aina ya Java uliyo nayo. Java ya biti 32 kwenye Windows haiwezi kupita kiasi cha gigabaiti moja na nusu hata kompyuta iwe na gigabaiti 16, na wako wengi walioipakua bila kujua.

Hatari iko upande wa pili: kuweka kikomo kikubwa kuliko uwezo. RAM halisi ikiisha, mfumo endeshi unahamishia sehemu yake diskini. Kwa programu nyingi hilo huleta uzito unaovumilika. Kwa Java ni balaa, maana kila baada ya muda inapita kwenye eneo lake lote kutafuta vitu visivyotumika tena ili ivifute, na kupita huko kunalazimisha kila kilichohamishiwa diskini kirudishwe. Kompyuta inaganda kabisa, taa ya diski ikiwaka bila kuzima. Kwenye mashine ya gigabaiti 4 yenye Windows nisingevuka 1,500; kwenye ya 8, nisingevuka 3,000 kama kivinjari kiko wazi pembeni. Kikomo kikiwa kidogo mno, dalili ni nyingine: programu inazidi kuwa nzito taratibu, kisha inatoa ujumbe wa OutOfMemoryError. Ukiona ujumbe unaotaja GC overhead, maana yake Java imetumia asilimia 98 ya muda wake kufuta na ikapata chini ya asilimia 2 ya nafasi. Hapo kuna mawili tu, kupunguza data au kuongeza kikomo. Kuanzisha upya kompyuta hakubadili kitu.

LanguageTool, kikaguzi cha sarufi kilichofungwa ndani ya OmegaT, nacho kina uzito wake. Kizime wakati wa kuandika rasimu, ukiwashe wakati wa kupitia.

Wapo wanaosema dawa ni kuhamia kwenye kivinjari na kuiachia seva mzigo wote. Kwa upande wa kumbukumbu ya tafsiri ni kweli: jozi milioni kumi zinakaa kwa mwenye seva, na kwako yanakuja mapendekezo matano. Lakini kivinjari chenyewe ni mlaji mkubwa. Chrome ilipoanza mwaka 2018 kuitenga kila tovuti kwenye mchakato wake kwa ajili ya usalama, Google wenyewe walisema matumizi ya RAM yangepanda kwa asilimia 10 hadi 13. Fungua kamusi mbili, barua pepe, WhatsApp ya kivinjari na dirisha la tafsiri, na gigabaiti 4 zimekwisha. Pia unategemea mtandao usiokatika na uamuzi wa mwenye seva. Google Translator Toolkit, iliyokuwa huduma ya aina hiyo, ilianza mwaka 2009, na ilitumika katika kampeni ya kuiandikia Wikipedia makala za Kiswahili iliyowashirikisha wanafunzi wa Afrika Mashariki. Desemba 2019 ikafungwa, na ambaye hakuwa amepakua kumbukumbu zake alizipoteza. Siipingi njia ya seva, ila naikataa hoja kwamba inamaliza tatizo.

Lawama zote hazimwendei mtumiaji. Naamini OmegaT ilipaswa zamani kutenganisha aina mbili za kumbukumbu: ile ya mradi unaoendelea, ambayo inafaa kukaa kwenye RAM, na zile za marejeo, ambazo zingeweza kukaa diskini zikiwa na fahirisi ya kutafutia. Teknolojia ipo. Ndani ya Okapi kuna Pensieve, kumbukumbu ya tafsiri inayotumia maktaba ya utafutaji ya Lucene kutafuta diskini bila kupakia kila kitu, na kwa diski za SSD za leo ucheleweshaji ungekuwa mdogo. Hoja ya upande wa pili ninaiheshimu: faili za maandishi ni rahisi kuokoa zikiharibika, ni rahisi kushirikiana kupitia Git, na hakuna hifadhidata ya kutengeneza umeme ukikatika ghafla. Kwa nchi ambazo umeme hukatika, hoja hiyo ni nzito. Lakini inahusu kumbukumbu ya mradi. Kumbukumbu za marejeo hazibadiliki wakati wa kazi, na fahirisi yake ikiharibika inatengenezwa upya kutoka kwenye TMX ile ile.

Shinikizo linalokuja ni kubwa kuliko hili lote. Wafasiri wenye hati za siri wameanza kutaka mashine ya kutafsiri iendeshwe kwenye kompyuta yao wenyewe. NLLB-200, modeli ya kutafsiri iliyotolewa na Meta mwaka 2022 na inayojua Kiswahili, ina toleo dogo la vigezo milioni 600, yaani namba ambazo modeli imejifunza. Kila kigezo kikihifadhiwa kwa baiti nne, ni gigabaiti 2.4. Kikipunguzwa hadi baiti moja, ni megabaiti 600, na ubora unashuka kidogo. Toleo hilo lililopunguzwa linaweza kukaa pamoja na OmegaT kwenye mashine ya gigabaiti 8. Modeli za lugha za vigezo bilioni 7 ni habari nyingine: gigabaiti 14 kwa baiti mbili kila kigezo, na gigabaiti 3.5 zikibanwa hadi biti 4, bila kuhesabu nafasi ya kufanyia kazi. Hapo kuchuja TMX hakutoshi.

Kwa hiyo zipo siku ambazo kununua ni lazima, na ikifika hapo pesa ielekezwe kwa mpangilio. Kwenye kompyuta yenye diski inayozunguka, SSD ije kwanza, kwa sababu inapunguza adhabu ya kila kosa la RAM. RAM ifuate, na kabla ya kulipa fungua kifuniko cha chini au tafuta maelezo ya modeli hiyo. Kompyuta mpakato nyingi nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, na hakuna fundi atakayeiongeza. Zenye nafasi mbili mara nyingi zinauzwa moja ikiwa tupu. Ukiangalia, soma pia kama ni DDR3 au DDR4, kwa kuwa haziingiliani, na muuzaji akikuuzia isiyofaa haitaingia kwenye nafasi hata ukiisukuma.